Umeme Tuliouteka Bombani

Zile enzi zetu za darasa la tisa, nyie mnaokalia madawati ya mbele leo mkiwa bado mnaimba tebo za kuzidisha kule shule za kati na makamasi yenu, fizikia haikuwa na chumba chake. Najua mtacheka. Mtasema huyu Shabani yuko darasa la kumi na mbili tu, ndevu zenyewe anasaidiwa na wenzake kuzitafuta, enzi kazipata wapi? Sijui mie. Ninachojua ni kwamba miaka mitatu ya shule ni mirefu kuliko utawala wa Gavana yeyote, na kuna kitu tulikuwa nacho, tukainama kidogo kufunga kamba ya kiatu, tulipoinuka hakipo tena. Tuliobaki wa darasa lile tukikutana ukutani kivulini saa ya mapumziko, mmoja akasema "unakumbuka?", basi kengele hulia mpaka mpigaji anachoka, sie hatujaisikia.

Nakumbuka zaidi asubuhi. Temeke ya alfajiri ilikuwa na rangi ya chai iliyozidi maji, na moshi wa vifuu vya nazi ukitambaa chini chini baina ya nyumba, kana kwamba nao haujaamka vizuri. Mchanga wa njiani ulikuwa bado na ubaridi wa usiku, ukipenya katikati ya vidole, maana viatu tulikuwa tunavivaa shingoni, tumefunga kamba kwa kamba, hadi tufike lango la shule. Viatu vile vilikuwa vya kuonwa na walimu, si vya kutembelea. Leo namwona mtoto wa darasa la tisa anashuka basi na viatu vinang'aa, akikanyaga mchanga hatua kumi anavipangusa kwa leso. Leso! Sie leso tulikuwa tunafungia mihogo.

Kabla ya shule lazima upite bombani. Bomba la mtaa wetu lilikuwa moja la koki mbili, na foleni yake ilianza hata kabla ya adhana, watu wenyewe wakiwa bado wamelala. Madebe ndiyo yaliyopanga mstari, na asiye na debe la ziada aliweka jiwe, na lile jiwe liliheshimiwa kama mtu mzima. Mie nilikuwa nabeba mzegamzega, madebe mawili na mti begani, maji yakinichapachapa miguuni, mama nyuma yangu mlangoni akipaza sauti: "Shabani! Acha kusimulia watu, lete maji! Ulimi wako huo utakuja kukuuza siku moja!" Alisema hivyo kila asubuhi. Nadhani alikuwa anasubiri kwa hamu apatikane mnunuzi.

Mwenzangu wa njia alikuwa Chande. Chande alitokea Kimbiji, akikaa kwa mjomba wake nyuma ya msikiti, na kila akirudi likizo alinukia papa mkavu wiki nzima, kwa hiyo sie tukamwita Bwana Ng'onda. Hakukasirika. Chande hakuwa na muda wa kukasirika, alikuwa na jambo moja tu kichwani: umeme. Aliwahi kuvuka mjini na mjomba wake, akaona taa za mtaani zikiwaka zote kwa pamoja magharibi, bila mtu kupita na kiberiti. Tangu siku ile akaapa kuwa atakuja kuwa fundi wa umeme. Ukimuuliza saa, anakujibu umeme. Ukimpa kiazi, anakula huku anaangalia juu.

Sasa, fizikia tulifundishwa na mtu mmoja kutoka Upare, Mwalimu Elisante. Mwembamba, mwimbaji wa kanisani, suruali kaibana kwa vibanio vya baiskeli hata akiwa darasani, na Kiswahili chake kimeshuka nacho kutoka milimani na baridi yake. Nasi hatukumwita Elisante ila mbele ya uso wake. Tulimwita Nikama. Jina lenyewe alijipa, kwa maana hakuwa na namna nyingine ya kufundisha. Vyombo vya fizikia vilikuwapo, msije mkasema Serikali haikuleta. Vilikuwa katika kabati la kioo ukumbini, na kufuli juu yake, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Mkuu wa shule, Mzungu mmoja wa kofia ngumu nyeupe ambaye tulimwita Kofia. Tulivitazama kupitia kioo kama watu wanaoaga maiti ya mtu mkubwa: globu, nyaya zilizoviringwa, kijisanduku chenye sindano. Vikifunguliwa, alisema Kofia, vitavunjika. Kwa hiyo havikuvunjika, na sie hatukujua vinafanya nini.

Ndipo Mwalimu akawa anafumba macho, anainua kidole, anasema, "Ni kama..."

Ah, jamani. Kipindi chake kilikuwa baada ya chakula cha mchana. Bati la paa lilikuwa linajinyoosha kwa joto, tik, tik, jua limekaa dirishani kama mgeni asiyetaka kuondoka, tumbo limejaa mihogo ya kuchemsha, na ile sauti ya Upare inakuja polepole, ni kama, ni kama, na wewe huna hakika kama umelala au unafundishwa. Mengi ya fizikia ninayoyajua niliyaingiza kichwani kwa usingizi, na ndiyo maana hayajatoka.

Alitufundisha joto linavyopita katika chuma. Alisema ni kama maulidi. Watu mmekaa mkekani safu kwa safu, sahani za pilau zinatoka jikoni, na hakuna anayesimama: mmoja anampa mwenzake, mwenzake anampa mwenzake, hadi sahani inafika kwa yule mzee wa mwisho karibu na ukuta. Chembe za chuma ndizo nyie, mmekaa palepale. Sahani ndiyo joto. Mpaka leo nikishika kijiko kilichoachwa ndani ya chai, kikaniunguza, nasikia kaswida. Na maji yanayopanda sufuriani? Ni kama yule asiyengoja kupitishiwa, anainuka mwenyewe na sahani yake kwenda kuipeleka. Kumbukeni mtu huyu alikuwa Mkristo wa milimani. Maulidi alikuja kuyaona kwetu, kwa kualikwa na majirani, akala, akashiba, akarudi nyumbani na somo la joto.

Na maji yanavyokauka alitufundisha kwa kunitumia mie. Alisema kila darasa lina watoto wenye nguvu ya kupita kiasi, ambao hawatulii, nao ndio wanaoruka dirishani kwanza. Wakisharuka, waliobaki ni wapole, na darasa linapoa. Ndiyo maana jasho likikauka mwili hupoa: chembe zenye moto zimetoroka. "Shabani," akasema, "wewe ni mvuke." Siku iliyofuata niliruka dirishani kweli. Aliponikamata nikamwambia nilikuwa napoza darasa. Akanichapa viboko viwili vya moto na kimoja cha kicheko, hiki cha tatu nilikitambua kwa wepesi wake.

Halafu ukaja umeme. Chande siku hiyo alivaa shati alilovaa Idi.

Mwalimu akafumba macho. "Ni kama bombani," akasema. Lile tangi lililo juu ya mnara ndiyo betri, kwa kuwa limeinuliwa lina msukumo. Bomba ndiyo waya. Koki ndiyo swichi. Maji ndiyo umeme wenyewe. Bomba jembamba linapitisha maji kidogo, kama waya mwembamba. Darasa zima tulivuta pumzi. Hapakuwa na mtoto hata mmoja pale asiyejua bomba, wallahi! Tulikuwa tumelala nalo na kuamka nalo, tumegombana juu yake, tumepigwa kwa ajili yake. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunateka umeme. Chande alitembea kurudi nyumbani jioni ile akigusa kila ukuta, akitabasamu peke yake. Alinisimamisha karibu na bomba letu, akaweka sikio lake kwenye chuma, akaniambia, "Sikia, Shabani. Sikia unavyokuja." Nami nikaweka sikio. Nawaambieni, niliusikia.

Wiki chache baadaye Kofia akatuingilia darasani bila taarifa. Mkononi ana betri, waya, globu na mkasi, vyote vimetoka kwenye kabati. Hatukuwahi kuviona nje ya kioo. Akaviunganisha mezani mwenyewe, kimya, na ile globu ikawaka. Mchana kweupe, jua lote lile nje, na bado kile kinyuzi chekundu kilitunyamazisha kama tumemwagiwa maji. Chande mdomo wake ulikuwa wazi.

Kofia akainua mkasi. "Sasa mimi kata waya hii hapa. Umeme nafanya nini?"

Swali gani hili! Tulijibu wote, kwa sauti moja, kwa furaha, kama kwaya: "Unamwagika, sa!" Hiyo "sa" ndiyo "sir" yetu.

Akasita. Akakata. Na palepale safu yote ya mbele ikainua miguu kutoka sakafuni. Mmoja akaokoa daftari lake. Chande, mtu asiyejua utani tangu azaliwe, akasimama kwa adabu, akauliza, "Sa, nikimbie kuleta debe?"

Mie ndiye pekee niliyecheka, maana nilidhani Chande hatimaye amejifunza kutania. Nilipoona wengine hawacheki, nikatazama chini kuona na miguu yangu ikoje. Ilikuwa juu.

Kofia uso ukawa mwekundu kuanzia shingoni. "Nani fundisha nyinyi namna hii?"

Mwalimu Elisante alikuwa amesimama karibu na ubao, chaki mkononi. "Mimi, bwana," akasema.

Wakazungumza Kiingereza kifupi, kile kisicho na pumzi katikati. Halafu Kofia akatugeukia ili nasi tuipate habari kamili: "Alhamisi ijayo mimi rudi. Kama umeme bado namwagika, basi, hakuna fizikia shule hii. Saa ya fizikia nyinyi lima bustani. Na mwalimu huyu kwenda bara, fundisha mihogo."

Akachukua betri yake na globu yake, akatuachia vipande viwili vya waya mezani.

Sasa, mie mwenyewe kwa tabia yangu, bustani ingenifaa. Katika mihogo mtu unaweza kulala na mwalimu asikuone hadi mavuno. Lakini Mwalimu hakutugombeza. Hakuchapa mtu. Angetuchapa tungejua pa kuuweka mzigo ule. Alifuta ubao polepole, akafuta hata pale pasipo na maandishi, akasema, "Nendeni." Na Chande akabaki amekaa, anaviangalia vile vipande viwili vya waya kama mtu aliyeambiwa baba yake si baba yake.

Jioni ile tulimkuta Mwalimu njiani. Njia ya kwetu ina mchanga mwingi, na baiskeli yake ilikuwa imelala ubavu, mnyororo umekatika, yeye amepiga magoti, vidole vyeusi kwa grisi. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Tukasimama. Mie nikiona kimya huwashwa ulimi.

"Mwalimu," nikasema, "mnyororo umekatika, mbona mwendo haujamwagika barabarani?"

Chande akanifinya mgongoni hadi nikaruka. Mwalimu hakuinua kichwa.

"Rudia."

"Samahani mwalimu, nilikuwa natania tu."

"Nimekwambia rudia, Shabani."

Nikarudia, safari hii kwa sauti ya mtu anayejichimbia kaburi. Mwalimu akakaa chini kabisa, mchangani, na suruali yake ya kazi. Akautazama ule mnyororo. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini chini, hadi vibanio vya suruali vikafyatuka. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akaligonga pini la mnyororo kwa jiwe mpaka likaingia, akaanza kuzungusha pedali kwa mkono. Gurudumu la nyuma likazunguka, ziii.

"Nani anazungusha?"

"Wewe, mwalimu," akasema Chande.

"Basi mimi betri. Gurudumu?"

"Globu!"

"Na mnyororo?"

Chande akauinamia. "Umeme wenyewe."

"Ukikatika hapa, gurudumu linangoja habari ifike ndipo lisimame?"

"Hapana, mwalimu. Vyote vinasimama pamoja."

"Kuna kilichomwagika?"

"Jasho lako tu, mwalimu," nikasema mie.

"Shabani, wewe nyamaza nisije nikakusifu."

Tulimsindikiza hadi kwake. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya minazi, wanawake wanachochea mbaazi, watoto wanakimbiza ringi za baiskeli kwa vijiti, na kila ringi iliyopita Chande alikuwa anaigeukia kwa shingo nzima. Sijui kama mnajua jioni za namna hiyo. Watu wote mtaani walionekana wamepakwa mafuta ya nazi, hata mbuzi.

Kesho yake Mwalimu hakufumba macho. Aliiingiza baiskeli darasani, akawaonyesha wote ule mnyororo. Alisimama, akatwambia kosa lilikuwa lake: alitupatia debe bila kutwambia linavuja wapi. Kila mfano una tundu, akasema. Mtu akikuambia kitu fulani ni kama kitu fulani, mshukuru, kisha litafute tundu, maana lipo, na usipolijua utaloa. Tokea sasa hadi Alhamisi kazi yetu ilikuwa moja, kuitoboa mifano yake yote. Atakayetoboa vizuri atapata maksi.

Maksi! Kwa kuharibu! Nilihisi nimezaliwa upya. Maisha yangu yote nilikuwa napigwa kwa kazi ile ile.

Nikaanza na maulidi. "Mwalimu, kila maulidi yana mjomba mmoja ambaye sahani ikimfikia haendi mbele. Anaiweka mapajani." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akafikiri, akasema, "Umetoboa, lakini umetokea chumba kingine. Mjomba huyo ndiye mti. Ndiyo maana mwiko haukuunguzi." Nikasema tena, "Na watoro wa dirishani mwalimu, wakisikia harufu ya ubwabwa wanarudi." Akasema, "Na mvuke nao hurudi. Ndio ule umande unaokanyaga asubuhi." Ikawa hivyo siku zile, kila tundu tulilotoboa lilikuwa na mwanga upande wa pili. Hata wale wa nyuma wasiojua fizikia wala Kiingereza walikuwa wananyoosha vidole. Bwana Ng'onda alikuwa hali chakula. Alikuwa anatoboa na usingizini.

Jumatano, alipoisifu ile baiskeli kwa mara nyingine, nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hii nayo ina tundu. Mnyororo hauna njia panda. Waya mmoja ukigawanyika mara mbili, kila mmoja na globu yake, mnyororo utapita wapi?"

Mwalimu akachora njia panda ubaoni, akaifuata kwa kidole. "Haupiti," akasema. "Lakini maji yanapita." Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, nasi tukaimba baada yake: waya ukikatwa, pandeni baiskeli, njia ikigawanyika, nendeni bombani.

Alhamisi Kofia akaja. Mwalimu aliambiwa asimame ukutani, asiseme neno. Alisimama pale na chaki yake, na niliiona ile chaki inakatika vipande katika ngumi yake bila yeye kujua. Masanduku yake ya kwendea bara, tulishasikia, alikuwa ameyavuta kutoka uvunguni.

Kofia akawasha globu, akainua mkasi, akamwita Chande. Bila shaka alilikumbuka lile debe.

"Haumwagiki, sa," Chande akasema. "Unasimama wote, kila mahali, mara moja. Ni kama mnyororo wa baiskeli."

Mkasi, tak. Globu ikazima. Safari hii hakuna aliyeinua mguu, ingawa nina ushahidi kuwa wawili walitamani.

Kofia akaunganisha globu mbili, kila moja na njia yake kutoka betri ile ile. Zote zikawaka. Akanielekezea kidole mie. "Wewe, ya kucheka. Kama mimi toa globu hii, ile ingine nafanya nini?"

Nyuma yangu nikawasikia wanaanza kunong'ona: inazima, inazima, mnyororo, vyote pamoja. Nami ilikuwa mdomoni tayari. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama sakafu. Nikautazama ule waya, pale unapogawanyika, nikawaona mama wawili na koki mbili kwenye bomba moja, na debe la kila mmoja.

"Inabaki inawaka, sa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu pana njia panda, sa. Hapo baiskeli haifai, hapo tunakwenda bombani. Mama mmoja akifunga koki yake, mwenzake anaendelea kuteka."

Akaitoa. Ile nyingine ikabaki inawaka, tulivu, haina habari.

Hapo mtu mwenye akili angekaa chini. Lakini nilikuwa nimeshazoea wiki nzima, na ulimi ulikuwa umeshaondoka. "Lakini sa, bombani nako pana tundu."

Mwalimu akainua uso.

"Tundu gani?"

"Bombani, mmoja akifunga koki, ya mwenzake huongeza kasi, sa. Kila mtu anajua, ndipo wanapogombana. Lakini globu yako haikuongeza mwanga."

Kofia akaigeukia ile globu. Akairudisha ya pili, akaitoa tena. Akairudisha, akaitoa. Alivua kofia yake, tukaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara. Akainama hadi pua ikakaribia kioo.

"Kweli," akasema, peke yake. "Haiongezi."

Akasema maneno machache na Mwalimu kwa Kiingereza, maneno ya taratibu, yenye pumzi. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kabati, akauweka juu ya meza mbele ya Mwalimu, akavaa kofia yake, akatoka. Tulipiga kelele hadi darasa la jirani likadhani shule imefungwa. Chande alikuwa analia waziwazi, na mie nilikuwa nimeingiwa na mchanga machoni, mchanga ule wa Temeke unajulikana.

Mwalimu akabaki. Fizikia ikabaki. Na ufunguo ukawa wake.

Mwanzoni ilikuwa kama sikukuu isiyokwisha. Kila kipindi kitu kipya kilitoka kabatini: sumaku, vioo, ile sindano ya kupimia umeme inayocheza ndani ya kijisanduku chake. Mwaka uliofuata vikaja vyombo vingine katika makasha yenye nyasi, na mwingine kikajengwa chumba cha sayansi, na meza ndefu, na koki kwenye kila meza. Hakuna aliyemkataza Mwalimu kitu. Lakini mtu ukiwa na globu yenyewe mkononi, ya nini tena kufumba macho na kusema inafanana na nini? Siku moja niligundua kwamba muhula mzima umepita na hajafumba. Sie tuliopiga kelele kwa ajili ya ule ufunguo ndio tuliomfungia nje, na hatukusikia mlango.

Nyie wadogo mmepata bahati, sisemi hamkupata. Mnajua namba. Mnajua umeme kiasi gani unapita wapi, mnaandika hadi nukta, na anayekosea kidogo anaugua. Mkiambiwa jambo mnauliza kwanza kama litatoka kwenye mtihani, kisha ndipo mnasikiliza. Maji mnafungulia mezani, mnanawa vidole vya wino, mnafunga. Hakuna mmoja wenu aliyewahi kuweka sikio lake kwenye chuma cha koki. Chande, ambaye sasa anangoja majibu ya kwenda kusomea ufundi wa umeme, ana mengi ya kuwafundisha, lakini akianza kuwasimulia bomba mnatazamana na kuchekeana.

Wiki iliyopita tulipita nje ya kile chumba saa nane mchana, mie na yeye, tukaegemea dirisha. Darasa la tisa walikuwa ndani, kimya, kila kikundi na vyombo vyake, penseli zimechongwa. Mwalimu, mvi zimeanza kumkalia masikioni, alikuwa anapita kati yao. Kuna mtoto mmoja mdogo, viatu vipya, akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, lakini huo umeme wenyewe ukoje?"

Chande akanishika mkono. Alikuwa ameshafumba macho, anasubiri.

Mwalimu akasimama. Akatazama nje, mbali, kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani, na mdomo wake ukafunguka kidogo. Bati la paa likajinyoosha, tik. Halafu akawaona wale watoto wote, penseli hewani, na saa ukutani, na kile kijisanduku mezani.

"Soma sindano," akasema. "Kisha andika."

Yule mtoto akasoma, akaandika. Alipata sawasawa.